Siku Mikono Yangu Ilipoacha Kushika

Ndugu unayesoma haya ukiwa mzima, na wewe uliyelala kitandani ukisomewa na mwingine kwa sababu mikono yako haiwezi kushika karatasi, nawasalimu nyote wawili katika Bwana. Zaidi wewe wa pili. Haya nimeyaandika kwa ajili yako. Nimeyaandika polepole, maana vidole vyangu bado huchoka haraka, na sehemu nyingine mke wangu ameziandika nikimtamkia.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Asili yangu ni Taita, lakini nilitumwa kufundisha Lamu nikiwa kijana, na hapa Wiyoni ndipo mimi na mke wangu tulipomlea binti yetu Wakesho. Kanisa letu ni dogo. Wengi wetu ni watu wa bara: walimu, wauguzi, askari, wenye maduka. Leo mtu anaimba kwaya pamoja nawe, mwezi ujao amehamishiwa Garissa. Mimi sikuhama, na nadhani ndiyo sababu niliwekwa kuwa mzee wa kanisa na kupewa darasa la ubatizo.

Sisi hubatiza baharini. Lakini upande wetu maji yakitoka hubaki tope tupu, utazama mpaka magotini kabla hujapata maji ya kukufika kiunoni. Kwa hiyo ibada ya ubatizo haifuati saa, inafuata maji. Tunangoja bamvua, bahari ijae mpaka kwenye ukuta wa ufuoni, ndipo tuteremke. Nimemwona mchungaji wetu akikatiza mahubiri katikati ya sentensi kwa sababu maji yameanza kurudi.

Kazi yangu ilikuwa kushika. Mchungaji husimama upande mmoja, mimi upande wa pili. Mkono wangu mmoja chini ya kisogo cha anayebatizwa, mwingine juu ya mikono yake aliyoikunja kifuani. Kisha humwambia, "Legea. Usinishike. Mimi nimekushika." Nao wote hunishika. Msomi na asiyesoma, mwembamba na mnene, mtu akianza tu kulala chali juu ya maji, mikono yake hukunjuka yenyewe na kutafuta kitu cha kung'ang'ania. Nimerudi nyumbani mara nyingi na alama za kucha mkononi. Sikuwahi kuyafikiria sana maneno yale. Niliyasema kama fundi anavyosema "nipe nyundo".

Darasani nilikuwa mkali kidogo. Kwetu ni desturi mtu akisimama mbele ya wenzake aseme ameokoka lini, wapi, na ilikuwaje. Nami nilikuwa na siku yangu, tangu nikiwa chuo cha ualimu, na niliijua kama ninavyojua jedwali la kuzidisha. Nilipenda watu wajue siku yao. Nilisema, mtu aliyezaliwa hukosaje siku ya kuzaliwa?

Katika darasa la mwisho kabla ya ugonjwa alikuwamo Koplo Wafula, askari kutoka Bungoma, mtu wa mabega mapana, mpole kuliko sare yake. Alikuwa na shida moja. Aliogopa bahari. Akivuka kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, alikaa katikati ya boti amefumba macho.

"Mwalimu, hii maji ni mingi sana," aliniambia siku ile tukiteremka. "Kwetu maji ni ya mto. Unaona mwanzo, unaona mwisho."

"Mimi na mchungaji tuko nawe," nikamwambia.

Alitazama mikono yangu, akamtazama mchungaji ambaye ni mtu mdogo, mkavu. Tulipomlaza, mgongo wake ulipogusa maji, alinikamata shingoni kwa mikono yote miwili. Nikazama mimi. Nilikunywa maji ya chumvi, miwani ikapotea, na kwaya ikaacha kuimba kwa sababu ya kucheka. Nilipoinuka, Wafula alikuwa amekwisha kupanda ukuta.

"Nisamehe, Mwalimu. Leo imeshindikana."

"Bamvua nyingine itakuja," nikamwambia.

Jirani yetu Bi Zuhura, mama wa Kiislamu mwenye asili ya Pate, alikuwa amekaa kwenye baraza yake kama kawaida akitazama mambo yetu. Nikampita nikidondosha maji.

"Mwalimu," akasema, "leo nani alombatiza nani?"

Hata mimi nilicheka. Hicho ndicho kicheko changu cha mwisho nikiwa nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe bila msaada wa mtu, kwa muda mrefu sana.

Juma lililotangulia nilikuwa nimeharisha. Nilikunywa chumvi na sukari, nikapona, nikasahau. Jioni ya ubatizo vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi. Nikasema ni maji, nimesimama sana baharini. Mke wangu akanipaka mafuta akanivisha soksi. Kesho yake nikaenda dukani, nikarudi, na mke wangu akaniuliza, "Baba Wakesho, ndara yako nyingine iko wapi?" Nikatazama chini. Mguu mmoja ulikuwa mtupu, na kisigino kinatoka damu. Ndara ilikuwa imenivuka njiani nami sikujua. Nilikuwa nimetembea juu ya kokoto nikidhani nimevaa.

Siku iliyofuata nilianguka chooni. Magoti yalikunjika tu, kama kitambaa. Mke wangu alinikuta nimekaa sakafuni, nimejikojolea, nikijaribu kuushika mlango. Mkono ulifika mlangoni lakini vidole havikufunga.

Hospitalini alikuwapo daktari kijana niliyemfundisha hesabu shule ya msingi. Aligonga goti langu kwa kinyundo cha mpira. Mguu haukuruka. Akagonga la pili. Kimya. Akanipa vidole vyake viwili.

"Mwalimu, nibane vidole. Bana kwa nguvu zako zote."

Nikabana.

"Bana, Mwalimu."

"Nimebana," nikasema.

Alitazama mkono wake, kisha akanitazama usoni. "Bado hujabana."

Nataka uelewe jambo hili, wewe mzima. Mimi nilikuwa ninabana. Ndani yangu kila kitu kilikuwa kinabana. Kwa nje, mkono ulikuwa umelala juu ya vidole vyake kama samaki aliyekufa.

Daktari akamvuta mke wangu kando, lakini nilisikia. "Mama, ugonjwa huu unapanda. Ukifika kifuani, hatapumua. Sina mashine ya kumpumulia. Lazima avuke sasa."

Boti ya hospitali ilikuwa safarini na mgonjwa mwingine, ikapatikana ya jirani mwingine, iliyofungwa upande wetu wa Wiyoni. Na maji yalikuwa yametoka. Boti ilikaa mbali, na kati yake na ukuta kulikuwa na lile tope. Machela ilijaribiwa, waliobeba wakazama, ikainama upande nikataka kumwagika. Hapo nikaona mtu amevua sare, amebaki na fulana na kaptura. Wafula. Aliniinua kama mtu anavyoinua mtoto aliyesinzia, mkono mmoja chini ya magoti, mmoja mgongoni, akaingia topeni. Lilimfika magotini, kisha mapajani. Alipofika kwenye maji nilisikia moyo wake unapiga ndani ya kifua.

Nilitaka kumshika shingo. Kila hatua aliyoyumba, nilituma mikono yangu imshike, na mikono ilining'inia chini ikigusa maji.

"Nitaanguka," nikamwambia.

"Huwezi kuanguka, Mwalimu. Mimi ndiye naweza kuanguka," akasema, na meno yake yanagongana. "Nimekushika."

Hivyo nilivuka kwenda Mokowe, na kutoka huko kwa gari la wagonjwa hadi Mombasa. Njiani sauti yangu ilianza kupotea. Mate yalinijaa kinywani nisiweze kuyameza, mke wangu akawa anayafuta kwa leso. Barabara ni ndefu. Kila tulipofika kizuizi nilihesabu pumzi, kisha nikaacha kuhesabu kwa sababu zilikuwa fupi mno.

Huko nilipokelewa na daktari mwanamke, mtaratibu, aliyeongea nami akiwa ameinama ili nimwone. "Mzee, ugonjwa huu unaitwa Guillain-Barré. Kinga ya mwili wako ilikuwa inapigana na ule ugonjwa wa tumbo. Sasa imekosea. Inaila mishipa yako ya fahamu. Akili yako haitaguswa. Utasikia kila kitu. Nitakutia mpira kooni, mashine ipumue kwa niaba yako. Na nitakupa dawa ya mshipani. Dawa hii haikutengenezwa kwa mitishamba wala kemikali. Imetolewa katika damu ya watu wengi waliojitolea."

"Nitapona?" Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yangu ya mwisho kwa miezi.

"Wengi hupona. Sijui kama wewe. Lala."

Ndugu, nitasema mambo ya mwili bila kuficha, kwa sababu mgonjwa anayenisikiliza anayajua na atajua nikimdanganya. Nilifungwa nepi. Mpira wa mkojo uliingizwa. Mpira mwingine ulipita puani hadi tumboni, na uji ukashushwa humo, nami nilisikia ubaridi wake ukishuka bila ladha. Makohozi yalipojaa, muuguzi aliingiza mrija mdogo kooni ukayanyonya, na kila mara nilidhani ndio mwisho. Uso nao ulilala. Kope hazikufunga vizuri, kwa hiyo walinipaka marhamu machoni na kuyabandika usiku ili yasikauke. Inzi mmoja alitua kwenye paji langu asubuhi moja akatembea mpaka mdomoni, akakaa hapo. Mimi nilikuwa nimefundisha mamia ya watoto na nimewashika watu wazima baharini, na sikuweza kumfukuza inzi.

Kilichobaki ni macho kupanda na kushuka. Juu ni ndiyo, chini ni hapana.

Lakini sijafika kwenye jambo lililonitisha kuliko yote. Nilishindwa kuomba. Nilidhani mwili ukifungwa, roho itakuwa huru, na nitakaa pale nikisema na Mungu mchana kutwa. Haikuwa hivyo. Nilianza, "Baba yetu", nikafika katikati, nikapotea. Dawa na homa vilinichukua, nikajikuta nafundisha desimali kwa mbuzi. Nikaanza tena. Nikapotea tena. Zaburi nilizozijua zilikuja vipande vipande, kichwa cha hii na mkia wa ile. Nikaitafuta ile siku yangu ya kuokoka, chuo kile, kanisa lile dogo, wimbo uliokuwa ukiimbwa, niishike ili nijue bado mimi ni wa Mungu. Niliikumbuka. Lakini ilikuwa kama picha ya mtu mwingine. Hakuna kilichowaka ndani. Nikawaza, ikiwa wokovu ni kuliita jina lake, na mimi siwezi kuita, nikifa leo ninakwenda wapi?

Ugonjwa wa mwili madaktari waliuona. Huu hakuna aliyeuona.

Mzee mmoja wa kanisa la mjini, mtu mwema anayenipenda, alikuja kunitazama. Aliniombea vizuri. Kisha akainama akaniuliza kama tunavyoulizana siku zote, "Mwalimu, bado umesimama katika wokovu?"

Nilitaka kutazama juu. Sikuthubutu, ingekuwa uongo. Nilitaka kutazama chini, nikaogopa zaidi. Nikamkazia macho tu. Akauliza mara ya pili, kwa sauti ya juu, akidhani sisikii.

Mke wangu alikuwa anakunja shuka. Akasema bila kugeuka, "Hajasimama. Amelala, wewe mwenyewe unamwona. Mwache."

Mzee wa watu akacheka kwa aibu, akaaga. Mke wangu akaja kunibadilisha. Wauguzi walikuwa wachache, wakamruhusu. Aliponifungua na kunipangusa, machozi yalinitoka, yakaingia masikioni kwa sababu nilikuwa chali. Huyu ni mwanamke niliyemwahidi kwamba mimi nitamtunza.

"Unalia nini?" akaniambia. "Wakesho nilimfunga nepi miaka miwili. Hakujua hata jina langu. Hakujua kama ana mama. Mimi ndiye niliyejua." Akanigeuza ubavu kwa goti lake, kama anayegeuza gunia. "Tena yeye alikuwa mwepesi."

Akaendelea na kazi yake. Alikuwa amechoka na alikuwa anazungumza tu ili nisilie. Lakini nililala na maneno yale siku nyingi.

Ninyi mnaosoma Injili mnamjua yule mzee msomi aliyemwendea Yesu usiku, akauliza inawezekanaje mtu mzima arudi tumboni mwa mama yake azaliwe. Darasani tulipofika hapo, wanafunzi walikuwa wakicheka, nami nikicheka nao. Pale kitandani sikucheka. Mimi nilikuwa nimerudi. Sikula kwa kinywa, chakula kilinijia kwa mpira. Sikupumua, nilipumuliwa. Nilikaa gizani na sauti za watu zikinifikia kama zinapita ukutani, na mtu mwingine ndiye aliyejua kama nina uhai au sina.

Na mtoto ana kazi gani katika kuzaliwa kwake? Hachagui siku. Hasukumi. Uchungu ni wa mwingine. Damu inayomwagika ni ya mwingine. Yeye huja mikono mitupu, na kama anakumbukwa, siku yake hukumbukwa na aliyemzaa. Miaka yote nilikuwa nimefundisha kuzaliwa mara ya pili kana kwamba mtoto ndiye mkunga. Sisemi imani si kitu, wala sisemi watu waache kushuhudia siku zao. Mimi mwenyewe nashuhudia hapa. Nasema tu kwamba pale mahali ambapo sikuweza kumwamini Mungu kwa nguvu, wala kumwita, wala kumshika, sikuanguka. Kristo alikuwa amekwisha kupata uchungu ule kwa ajili yangu kabla sijajua kama nina mwokozi.

Usidhani nililiona hilo nikajawa na furaha. Sikuona nuru. Sikusikia sauti. Usiku na mchana viliendelea kufanana. Niliacha tu kutafuta cha kushika, kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu sikuwa na mikono ya kutafutia. Nilipoanza "Baba yetu" na kupotea, nililiacha liishie kwenye "Baba". Siku nyingine hata hilo halikufika.

Nafuu ilikuja kutoka juu kushuka chini, kinyume na ugonjwa ulivyopanda, tena polepole mno. Kwanza bega la kushoto liliruka kidogo, Wakesho akaita wauguzi kwa kelele. Kisha pumzi. Walikuwa wametoboa koo langu ili kuondoa mpira mdomoni, na kovu lake bado lipo, watoto wa shule ya Jumapili huniomba walione. Siku walipofunga tundu lile, daktari akaniambia niseme kitu. Nilikuwa nimeandaa neno la kumsifu Mungu. Lililotoka ni "Kiu."

"Hilo nalo ni la kwanza kwa kila aliyezaliwa," daktari akasema, akanilowesha midomo kwa pamba.

Nilirudishwa Lamu nikiwa nimebaki mifupa, na dhaifu kuanzia kiunoni kwenda chini. Mikono iliinuka lakini vidole havikushika. Bi Zuhura alikuwa anangoja mlangoni na chupa ya mafuta ya ufuta. Yeye huwakanda wazazi waliojifungua na watoto wachanga, ni kazi aliyoirithi kwa mama yake. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alipomwona, alimwonyesha jinsi ya kukunja viungo vyangu bila kuniumiza, na tangu siku ile wakawa wanasaidiana.

"Ndoo, Mama Wakesho, nishikie guu hili," humwita mke wangu aje. Kisha kwangu, "Hoyo, umezawa tena. Mifupa kama ya mwana mtanga."

"Bi Zuhura, mimi ni mzee, si mtoto mchanga."

"Mzee wa wapi? Meno ya kutafunia nyama huna nguvu nayo, wanywa uji, watu wakuosha. Mwana mtanga wewe." Nilipocheka, aliufinya unyayo wangu. "Wateka nini? Nawe utakaa ndani mpaka arubaini ipite. Mwana hatolewi nde kabla ya arubaini."

Arubaini yangu ilikuwa ndefu kuliko ya mtoto yeyote Lamu. Kulikuwa na maumivu ya mishipa inayoamka, kama siafu chini ya ngozi. Kulikuwa na vidonda vya mgongoni. Kulikuwa na asubuhi nilizomwambia mke wangu anyamaze tu, asiniambie nitapona. Wafula alikuja kila alipotoka zamu, akanibeba kutoka kitandani hadi kwenye kiti na kutoka kitini hadi chooni. Mtaalamu alisema mwili dhaifu hufanya mazoezi vizuri majini, kwa hiyo bahari ilipojaa hadi ukutani, Wafula alinibeba akaingia nami. Nilikuwa ndani ya maji hadi kifuani, akinishika makwapa, na siku moja miguu yangu ikagusa chini ikabaki pale. Nchi kavu nilikuwa mlemavu. Majini nilisimama.

"Mwalimu," akasema, "unasimama."

"Nawe uko baharini," nikamwambia.

Akatazama pande zote kana kwamba amezinduka. Akanikaza.

Hakuwa amebatizwa bado. Kila bamvua mchungaji alimwuliza, naye akajibu atangoja. Hatimaye barua ya uhamisho ikaja, anapelekwa Turkana. Akaja kuniona jioni, akakaa kwenye mkeka wa Bi Zuhura.

"Huko hakuna bahari, Mwalimu. Watanibatiza na mchanga?"

"Basi ubatizwe kabla hujaenda."

"Nitakubali ukiwa wewe."

Nikamwonyesha mikono yangu. Nikajaribu kufunga ngumi, vidole vikafika nusu, vikatetemeka, vikafunguka. "Mikono hii haiwezi kushika hata kikombe kilichojaa," nikamwambia. "Nawe ulinizamisha ilipokuwa mizima."

"Nitakubali ukiwa wewe," akarudia.

Kabla sijamaliza, nitoe shukrani na neno moja kwa kila mtu. Namshukuru Mungu kwa madaktari na wauguzi wa pande zote mbili za maji. Nawashukuru watu wasionijua ambao damu yao iliingia mwilini mwangu. Namshukuru Bi Zuhura, ambaye aliniombea kwa Mola kila alipofungua chupa yake, "Mngu akuafu", yaani Mungu akuponye, nami nilisema amina. Mke wangu simshukuru hapa, hapatoshi.

Wewe mzima, ganzi ikianza miguuni ikapanda, usingoje, usiseme ni baridi. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukienda kumwona mgonjwa asiyeweza kujibu, usimwulize maswali ya imani. Mshike mkono, mfukuzie inzi, umwombee kwa maneno machache. Na wewe uliyelala, usiyeweza kuomba, unayeogopa kwamba Mungu amekuacha kwa sababu humsikii ndani yako: mimi nimekuwa hapo. Sina dawa ya hofu hiyo. Nakuambia tu kwamba mtoto hashikilii tumbo la mama yake, na haanguki.

Bamvua ilikuja kabla ya Wafula kusafiri. Walinibeba kwenye kiti cha plastiki hadi ukutani, na kutoka hapo mke wangu na mwanakwaya mmoja wakaniteremsha. Maji yaliponifika kifuani nikasimama. Mke wangu alibaki nyuma yangu akinishika mkanda. Bi Zuhura alikuwa barazani pake, safari hii amesimama.

Wafula akaja katikati, kati yangu na mchungaji. Akakunja mikono kifuani. Nikaweka mkono wangu juu yake, ukalala pale kama ulivyolala juu ya vidole vya yule daktari kijana. Nikafungua kinywa niseme maneno yangu ya siku zote, nikaona siwezi. Hayakuwa kweli.

"Wafula," nikamwambia, "mimi sijakushika. Unajua siwezi."

"Najua, Mwalimu."

"Na mchungaji ni mwepesi."

"Mchungaji ni mwepesi kuliko begi langu," akasema, na mchungaji akakohoa.

"Basi legea."

Alinitazama. Kisha akafumba macho, lakini si kama alivyokuwa akiyafumba kwenye boti. Magoti yake yakalegea, uzito ule wote ukaenda nyuma, mchungaji akasema kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na bahari ikamfunika uso. Nilingoja kukamatwa shingo. Mke wangu pia alingoja, maana nilisikia amekaza mkanda.

Mikono ya Wafula ilifunguka kutoka kifuani, ikaelea juu ya maji huku na huku, viganja vimetazama mbinguni, na haikunishika.